Samurai Sebuleni Kivinje, na Kinjeketile Wetu

Najua ukurasa huu ulikuwa umelala. Nilikuwa likizo nyumbani Kilwa Kivinje, na likizo ya kwetu mnaijua: kula samaki, kulala sana, na kusalimia ndugu mpaka ulimi unazoea "shikamoo" kuliko "mambo vipi". Sasa nimerudi chuo, boom bado halijatoka, muda wa kuandika upo. Leo nawaletea habari ya samurai. Msikimbie lakini, maana samurai hao watatufikisha mpaka milima ya Matumbi, na nyie mliosoma Kinjeketile kwa ajili ya mtihani wa fomu foo mtaona kwa nini.

Mwenzangu wa chumbani alinijazia flashi kabla sijaondoka. Kati ya filamu za kupigana palikuwa na faili moja refu ajabu. Kufungua, kumbe si filamu kabisa, ni mchezo wa jukwaani wa Kijapani uliorekodiwa ukumbini mbele ya watazamaji. Aina hiyo ya maigizo wanaiita kabuki, na mchezo wenyewe jina lake ni Kanadehon Chushingura. Ukichezwa mzima unamaliza siku nzima, hivyo mimi nilikuwa na vipande vyake vikubwa tu. Nikaunganisha laptopu kwenye TV ya sebuleni, tukakaa: mimi, bibi, mjomba, na watoto wa jirani ambao wakisikia neno "upanga" hawahitaji kualikwa.

Watoto walitegemea ninja waruke juu ya mapaa. Badala yake wakaona wanaume wamejipaka poda nyeupe, wanatembea polepole, na mmoja anaimba kwa sauti ya kukwaruza pembeni huku mwenzake anapiga kinanda cha nyuzi tatu. Dakika 20 nyingi, wakatoka kwenda kucheza mpira. Mjomba naye akasinzia. Aliyebaki ni bibi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, basi ikabidi nimtafsirie, kama wale jamaa wa vibanda vya video wanaoingiza Kiswahili juu ya filamu za watu. Mnawajua, wanaoongeza na chumvi yao kidogo.

Kisa ni hiki. Bwana mmoja mkubwa anatukanwa mbele za watu na afisa wa serikali. Anashindwa kuvumilia, anachomoa upanga ndani ya jumba la mtawala na kumjeruhi yule afisa. Kuchomoa upanga humo ndani ni kosa la kifo. Anaamriwa ajipasue tumbo kwa mkono wake. Ardhi yake inachukuliwa, na askari wake, yaani samurai, wanabaki bila bwana. Kiongozi wao anajifanya mlevi, analala kwenye nyumba za starehe, mpaka majasusi wa adui wanamwona si mtu tena. Kumbe anangoja. Usiku mmoja wa theluji wanaingia nyumbani kwa yule afisa na kumkata kichwa.

Kuna onyesho moja lilimfanya bibi asogeze kiti. Bwana anayejiua amekaa juu ya mkeka mweupe, kila kitu tayari, lakini hataki kuanza. Anamsubiri mshauri wake mkuu, Yuranosuke, afike. Anauliza kama amekuja. Bado. Ukumbi mzima kimya. Anauliza tena. Bado. Mwisho anajichoma, na hapo ndipo Yuranosuke anaingia mbio kwa ile njia yao inayokatiza katikati ya watazamaji. Bwana anamwachia kile kisu chenye damu. Hakuna haja ya maelezo, kazi imeshakabidhiwa.

Bibi akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Akasema, "Mume wangu (kwetu bibi humwita mjukuu hivyo), hii ilitokea kweli au wametunga?"

Jibu ni kwamba yote mawili. Ilitokea kweli. Mwaka 1701 bwana wa Ako aliyeitwa Asano alimjeruhi afisa aitwaye Kira ndani ya ngome ya Edo, mji ambao leo ndio Tokyo, na siku ileile akaamriwa kujiua. Mwanzoni mwa 1703 samurai wake 47, wakiongozwa na Oishi, walimuua Kira wakapeleka kichwa chake kwenye kaburi la bwana wao katika hekalu la Sengakuji. Serikali ikawaamuru nao wajipasue matumbo. Mchezo wenyewe ulitungwa na watu watatu na kuoneshwa Osaka mwaka 1748, kwanza kwa vikaragosi, na mwaka huohuo ukahamia kwenye kabuki.

Sasa, sheria ya wakati ule ilikataza kuonesha jukwaani mambo ya karibuni ya watu wakubwa kwa majina yao. Watunzi wakafanya ujanja. Kisa wakakirudisha nyuma mpaka karne ya 14. Asano akawa Enya Hangan, Kira akawa Moronao, Oishi akawa Yuranosuke. Kila mtazamaji alijua nani ni nani, lakini kwenye karatasi hakuna aliyetajwa. Na hata baadaye watawala hawakuacha kuuogopa. Baada ya Japani kushindwa vita mwaka 1945, Wamarekani waliokuwa wakiitawala waliuzuia, wakiona unafundisha watu kufa kwa ajili ya mabwana zao. Uliruhusiwa kurudi jukwaani mwaka 1947.

Nilipomweleza bibi hivyo, akanijibu, "Basi sisi wetu hatukumbadilisha jina. Kinjeketile ni Kinjeketile." Halafu akakumbusha kuwa kunyongwa si habari ya Wajapani peke yao, na kwamba hapahapa Kivinje tuna Mwembe Kinyonga, mahali penye kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani. Ukikulia Kivinje unapita hapo unaenda zako bila kufikiri.

Ni kweli jina halikubadilishwa. Lakini je, mtu mwenyewe? Hapo ndipo somo linapoanza.

Tuanze na mtu wa kwenye kumbukumbu. Kinjeketile Ngwale alikuwa akiishi Ngarambe, upande wa kusini wa Rufiji, kaskazini ya Matumbi. Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akaingia kwenye dimbwi la maji mbele ya macho ya ndugu zake, na kesho yake akatoka akiwa mkavu. Kuanzia hapo watu wakawa wanamiminika Ngarambe kwa makundi kupokea dawa ya maji, ambayo ingefanya risasi za Wajerumani ziwe maji. Ilikuwa miaka ambayo watu wa pwani hii na bara yake walikuwa wakilimishwa pamba kwa nguvu chini ya maakida na majumbe, huku mashamba yao wenyewe yakiota majani.

Kinjeketile aliwaambia watu wajiandae na wangoje amri. Wamatumbi wakachoka kungoja. Julai 1905, pale Nandete, wazee wakang'oa miche ya pamba. Kung'oa pamba ya serikali ilikuwa ndiyo kutangaza vita. Baada ya hapo moto ukaenda Kibata, ukashuka Samanga pwani, na mwezi wa Agosti ukaenea kusini: boma la Liwale likaanguka, Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa tarehe 14 wakiwa njiani kutoka Kilwa kwenda bara, misheni ya Nyangao huko Lindi ikashambuliwa mwishoni mwa mwezi. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walikwenda kwenye boma la Mahenge wakakutana na bunduki za mtombo.

Na Kinjeketile? Alishanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Liwale hakuiona, Mahenge hakuiona, njaa ya 1906 na 1907 hakuiona.

Sasa mtu wa jukwaani. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani yetu hii ya Lindi aliyezaliwa mwaka 1943, alitoa tamthiliya ya Kinjeketile mwaka 1969, na mwaka uliofuata akatoa tafsiri yake ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe. Katika utangulizi anamwonya msomaji kwamba Kinjeketile wa humo si yule wa historia, ni kiumbe cha kubuni cha mtunzi. Utangulizi huo nadhani ndio ukurasa unaorukwa kuliko yote katika shule za Tanzania. Tulikuwa tunakwenda moja kwa moja kwenye "dhamira" na "wahusika", kisha kwenye karatasi ya Historia tunamwandika Kinjeketile wa Hussein kana kwamba ndiye aliyenyongwa Mohoro.

Wanatofautianaje? Katika tamthiliya, Kinjeketile akishatoka kwenye maji na kuwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakidharauliana, anaanza kuwa na shaka. Anagundua kwamba maneno aliyoyasema akiwa amepagawa yanawaahidi kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kutoka mikononi mwa Mjerumani na kurudi mikononi mwa Sultani. Kwa mtu wa Kivinje hapo ni pazito. Mji wetu ulikuwa bandari ya Sultani, na pembe na watumwa kutoka bara walipitia hapa. Kinjeketile wa Hussein anajiuliza kama ukombozi wa namna hiyo ni ukombozi. Anataka watu wafunzwe vita kwanza, wasitegemee maji peke yake. Lakini neno limeshamtoka na watu hawangoji tena. Rafiki yake Kitunda, anayeongoza wapiganaji, yuko katikati: anamwelewa Kinjeketile, na anaona jinsi imani ile inavyowapa watu ushujaa ambao hawakuwa nao.

Mwisho wake ndio unaouma. Vita imeshindwa, Kinjeketile na Kitunda wako kifungoni. Kinjeketile anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Akisema, huenda akapona. Kitunda mwenyewe anamsihi. Yeye anakataa, kwa hoja kwamba akikana, Mjerumani atalitumia hilo kuwaambia watu wote kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Anaona kuna neno limeshazaliwa na wajukuu watalirithi.

Mnaona alichofanya Hussein? Amesogeza kifo. Mtu aliyenyongwa mwanzoni mwa vita ameachwa aishi mpaka mwisho, ili aione hasara yote kisha aulizwe: bado unasimamia maji yako? Historia haikumpa nafasi ya kuulizwa hivyo. Wajapani walisogeza miaka zaidi ya 300 kwa sababu ya kukwepa sheria. Hussein alisogeza miezi kwa sababu alihitaji swali hilo liulizwe, tena liulizwe mbele ya Watanzania wa 1969, miaka minane tu tangu uhuru na miwili tangu Azimio la Arusha, wakati ambapo viongozi walikuwa wakitoa maneno makubwa na wananchi wakiyabeba. Kiongozi akishatoa neno, bado ni lake? Wakilifia, deni ni la nani?

Kuna jambo lingine nililikuta nikisoma upande wa historia, likanisimamisha. Inasimuliwa kuwa Kinjeketile wa kweli, kabla hajanyongwa, aliwaambia Wajerumani kwamba kumnyonga hakutabadilisha kitu, dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge. Linganisheni na ule mwisho wa tamthiliya. Tarehe imebadilishwa, shaka imeongezwa, Kitunda amewekwa, lakini msimamo ni uleule wa mtu anayejua kwamba neno limeshatoka mkononi mwake na haliwezi kunyongwa pamoja naye. Kwa hiyo yule wa kubuni na yule wa Mohoro hawako mbali kama nilivyodhani nilipoanza kulinganisha.

Ila kuna mahali wanaachana kabisa, na hapo ni kwenye hesabu. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka Matumbi kuwahoji wazee miaka ya sitini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma vijiji na maghala na kuharibu mazao. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Hakuna jukwaa linaloweza kubeba hesabu kama hiyo. Jukwaa linabeba watu wawili kifungoni.

Bibi aliligusa hili bila kujua takwimu. Katika Chushingura kuna mwanamke anaitwa Okaru. Mumewe anataka kujiunga na wale walipaji kisasi, na fedha inahitajika. Baba yake Okaru anamuuza kwenye nyumba ya starehe ili ipatikane. Wanaume wanaingia kwenye historia, yeye anaingia kule. Bibi hakusema neno kuhusu mapanga yote yale, lakini kwa Okaru alisonya. "Wanakwenda kufa na heshima zao, wa nyumbani wanakula nini?" Nikakumbuka kwamba hata Kinjeketile inafunguliwa na wanawake wanaongea habari za njaa, kabla ya Hongo, kabla ya maji, kabla ya bunduki. Darasani tulipapita haraka tukifuata mashujaa.

Na msidhani pwani hii ina toleo moja tu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi mzima wa vita hii, yeye akiwa mtu wa zama zilezile. Ulichapwa mwaka 1933, ukachapwa tena 1957 chini ya uhariri wa Whiteley. Yeye anaitazama vita kwa jicho la mtu wa mjini, na wapiganaji hawapati huruma kubwa kwake. Fikirini: Mlindi mmoja aliyeishi wakati wa vita anawaona kama waleta ghasia, Mlindi mwingine miaka sitini na zaidi baadaye anawafanya mashujaa wenye shaka. Kati yao kuna uhuru. Kila mmoja alisema kile ambacho wakati wake ulimruhusu au ulimtaka akiseme, sawa na wale watunzi wa Osaka.

Kwa nini nayaandika haya badala ya kusoma kwa ajili ya tesiti ya wiki ijayo? Kwa sababu mbili.

Moja, mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa University College, walitumwa kwao kuwahoji wazee walioiona Maji Maji au waliosimuliwa na walioiona. Walikuwa vijana kama sisi, pengine nao wakisubiri fedha zao kama sisi. Wazee wale wote wameshatangulia. Bila daftari za wale wanafunzi na kazi ya Gwassa na mwalimu wake John Iliffe, leo tungekuwa na ripoti za maafisa wa Kijerumani na mtihani wa fomu foo, basi. Wazee tulionao sisi sasa hawakuiona Maji Maji, lakini wanakumbuka walichokatazwa kuuliza. Bibi yangu anasema walipokuwa wadogo, ukitaja habari za maji mbele ya wakubwa unaambiwa nenda kachote ya kunywa. Ukimya nao ni kumbukumbu, na nimeuandika kwenye daftari pamoja na mengine aliyonieleza.

Mbili, Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Ni jambo zuri, Wangoni walinyongewa viongozi wao wengi pale na wanastahili. Lakini mche wa kwanza wa pamba uling'olewa Nandete, na mtu wa kwanza kutoa neno alinyongwa Mohoro. Watu wa Kilwa tukitaka sehemu yetu isimuliwe sawasawa, lazima sisi wenyewe tujue ipi ni ya Gwassa, ipi ni ya Hussein, ipi ni ya Jamaliddini, na ipi ni ya bibi. Zote tunazihitaji. Shida inakuja tukizichanganya kwenye sufuria moja na kusema hii ndiyo historia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wadau. Wajapani wameurekodi mchezo wao mpaka mimi nimeuona Kivinje nikiwa nimekaa mkekani. Kinjeketile mimi nimeisoma tu, jukwaani sijawahi kuiona. Wale wa sanaa za maonyesho hapo chuo, fanyeni mpango. Ichezeni, mtu mmoja ashike kamera vizuri, tupeni hata kwenye flashi. Nitaipeleka nyumbani mwenyewe, na safari hii hakuna haja ya kumtafsiria bibi chochote.

Mwenye kopi ya ule utenzi wa Jamaliddini anishtue, nataka kuipiga fotokopi kabla ya semesta kuisha. Tuko pamoja. Alamsiki.